Wale tunaotafutia kampuni watu: mtu wako akikukimbia Ijumaa, kosa ulilifanya kwenye simu ya kwanza

Mzee wa Invoisi

Wakuu salama humu. Nipo kwenye hii kazi ya kutafutia kampuni watu mwaka wa kumi na tatu sasa, hapa hapa Dar, nimeanza enzi za CV kwenye bahasha za kaki. Sijawahi kuanzisha uzi, mimi ni msomaji tu, ila juzi kuna kitu kimetokea ofisini nikaona niandike maana naona vijana wanaoingia kwenye hii fani wanafundishwa kuongea sana.

Ilikuwa hivi. Dogo mmoja wa kwetu nimemkuta amekaa anatazama ukuta. Vipi? Ananiambia mtu wake kachomoa. Ofa ameshasaini, Jumatatu aripoti kazini, Ijumaa saa 10 jioni anatuma meseji "samahani kaka nimekaa na familia tumeona nisubiri kwanza". Na simu kazima. Mteja ameshamwandalia kompyuta, ameshawaambia wale waliobaki kwamba nafasi imejaa, na dogo alishaipigia hesabu kamisheni yake mpaka ya mwisho. Anasema "bosi nilifunga vizuri kabisa, sijui nini kimetokea".

Nikamwambia nipe daftari lako. Kwenye maelezo ya simu ya kwanza kabisa, wiki sita nyuma, ameandika kwa mkono wake: "yuko tayari, ila anasema ataongea na nyumbani". Basi. Hakuna mstari mwingine unaofuatilia hilo. Hakuuliza nyumbani ni nani, anasemaje, ataongea naye lini.

Nami yalishanikuta hayo, 2017. Nafasi ya meneja fedha, kiwanda kiko Mwanza, nikapata jamaa mzuri sana anaishi Tabata, ana CPA yake ya uhasibu, miaka nane kwenye viwanda, mteja kampenda intavyu ya kwanza. Jamaa aliniambia mapema tu, "mama watoto ni nesi hapa hospitali ya serikali, nitaongea naye". Mimi nikajibu "sawa sawa kiongozi" nikaruka kwenye swali la notisi. Wiki mbili baada ya kusaini ananipigia, uhamisho wa mke hauwezekani mwaka huo, watoto wako darasa la saba na la nne, hawezi. Nikaanza kumbembeleza, nikamwambia nafasi kama hii haiji mara mbili, nikamwambia mteja atakasirika. Upuuzi mtupu. Mtu unayembembeleza ameshaamua wiki tatu nyuma akiwa mezani anakula wali, wewe hukuwepo. Mteja wangu alikuwa ameshamwacha namba mbili akaenda kwingine, nikapoteza dili na nikapoteza mteja, mpaka leo hajanipa nafasi nyingine.

Toka siku hiyo mtu akitaja mwenza, mama, mchungaji, yeyote yule, nasimama hapo hapo. Namuuliza: yeye anafanya kazi wapi? Mkishahama yeye anakuwa nani huko? Mmeshaongea au bado? Kama bado, basi ongeeni leo usiku, mimi nakupigia kesho saa 4 asubuhi kabla sijapeleka jina lako popote. Wengine wanaona nawasumbua. Sawa tu. Wanaokatika wakatike kesho saa 4, sio Ijumaa saa 10 jioni wiki sita baadaye.

Naendelea chini, simu inaita.

Binti wa Chang'ombe

Nimeweka kiti hapa mkuu. Mimi ni miezi saba tu kwenye hii kazi, hilo la "ataongea na nyumbani" limenigusa maana ninaye mmoja sasa hivi wa Morogoro kaniambia hivyo hivyo 😩

kaka_mkaguzi

Umesahau mkopo mkuu. Watu wanaogopa mikopo kuliko wake zao.

Mzee wa Invoisi

Hahaha @kaka_mkaguzi umenitangulia, ndiko nilikokuwa naelekea.

Hili vitabu vya wazungu vya kufunga dili hawaandiki maana kwao haliko hivi. Hapa kwetu mfanyakazi mwenye mshahara mzuri karibu wote wana mkopo wa mshahara, benki inakata moja kwa moja na mwajiri ndiye alitia sahihi kwenye fomu. Juu ya hapo kuna Saccos ya kazini, kile chama cha akiba na mikopo. Juu ya hapo wengine wana mkopo wa kampuni yenyewe, wa gari au wa kiwanja. Akitoka, Saccos inamwambia lipa kilichobaki au akiba zako tunazifyeka, na wale aliowadhamini na waliomdhamini wote wanaanza kumpigia simu. Kampuni nayo inasema mkopo wetu unakatwa kwenye malipo yako ya mwisho. Na mtu huyu hatakwambia! Aibu. Atakwambia "ofa iko chini kidogo" au "nimefikiria sana nimeona sio wakati sahihi". Wewe unarudi kwa mteja kuomba laki tatu zaidi wakati tatizo la jamaa ni milioni 7 za Saccos ambazo hata ukimwongezea laki tatu hazijalipika.

Kwa hiyo unapoulizia mshahara, ulizia na makato. Nasema hivi tu, kawaida kabisa kama naulizia daladala: "kiongozi kwenye salari slipu yako kuna nini kinakatwa zaidi ya NSSF na PAYE, maana nisije nikakutafutia ofa ikakuumiza." Watu wanafunguka vibaya mno ukiuliza hivyo, kwa sababu umejiweka upande wake. Ukiuliza "una mikopo?" anakwambia sina.

Na ukishajua, mara nyingi inatatulika. Nimewahi kufunga mtu wa maabara kwa mteja kumpa mkopo mpya wa kuilipa Saccos ya zamani, ukakatwa miezi 18. Mshahara hatukuugusa hata shilingi. Mwingine benki ilikubali tu kuhamisha makato kwa mwajiri mpya, ilikuwa barua moja na sahihi ya HR, jamaa alikuwa hajui kama inawezekana, alikuwa anaogopa kuuliza.

Nyota ya Jaha

Mkuu hapo kwenye mshahara ndo kuna shida. Mtu analipwa 2.5 anataka 3, mteja anatoa 3, halafu mtu bado anasuasua. Hii inakuwaje, si amepata alichotaka?

Mzee wa Invoisi

Kwa sababu amefika nyumbani akapiga hesabu, ndugu yangu, na wewe hukuipiga naye.

Chukua kalamu. Mtu wa 2,500,000 aliyesomeshwa na bodi ya mikopo (HESLB). NSSF asilimia 10 hiyo 250,000 imetoka. Inabaki 2,250,000 ndiyo inakatwa kodi ya mshahara, yaani PAYE, ikishavuka milioni moja ni 128,000 jumlisha asilimia 30 ya kinachozidi, inakuja 503,000. HESLB asilimia 15 ya mshahara, 375,000. Mkononi anabaki na 1,372,000.

Sasa mpandishe awe 3,000,000. NSSF 300,000. PAYE 638,000. HESLB 450,000. Mkononi 1,612,000. Yaani laki tano uliyoipigania wiki mbili, jamaa inamfikia 240,000. Na hapo anahama ofisi ya karibu na kwake anakwenda Kigamboni, nauli na kivuko na chakula cha mchana laki imeshakwenda, amebaki na laki na arobaini ya kwenda kuanza upya probesheni kwa watu asiowajua. We ungekwenda?

Upande wa pili ndiyo kichekesho. Mwajiri hiyo laki tano haimtoki laki tano. Ana NSSF yake asilimia 10, SDL (tozo ya mafunzo ya ufundi) 3.5 kama ana wafanyakazi kumi au zaidi, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5. Inamtoka 570,000. Yaani mmoja anatoa 570 anaona ametoa sana, mwingine anapokea 240 anaona amedharauliwa, na wewe rekruta uko katikati unawaambia wote "ni ofa nzuri". Ndo maana wanakuona mwongo wote wawili.

Nikishapiga hesabu hiyo na mtu huwa nasukuma mazungumzo yatoke kwenye mshahara wa mwezi. Mtu anayehama mkoa mwenye nyumba anamtaka kodi ya miezi sita, lori la vitu, watoto waanze shule katikati ya mwaka, hayo yote ni pesa ya siku moja. Kampuni nyingi kutoa milioni 3 ya mara moja ya kuhama ni rahisi kuliko laki 3 kila mwezi milele, maana ile ya kila mwezi inavuruga ngazi za mishahara, meneja wa pembeni akisikia naye anakuja. Bima ya wazazi pia. Hilo la bima ya wazazi limenifungia dili nyingi kuliko pesa, sijui kwa nini watu hawaliulizi.

HR Mstaafu Mtarajiwa

Nasoma tu hapa nacheka. Mimi nipo upande wa pili, HR miaka 11. Nyie mawakala mnakuja na asilimia 12 ya mshahara wa mwaka mnatuletea mtu ambaye yuko LinkedIn hata sisi tunamwona. Nikitangaza nafasi napata CV mia nane kwa wiki. Nikulipe nini?

Mzee wa Invoisi

Dada shikamoo kwanza 😂 Hili ndilo pingamizi namba moja na nikiri rekruta wengi wanalijibu vibaya, wanaanza kujisifia, "sisi tuna database kubwa", "sisi tuna uzoefu". Nani kakuuliza.

Mimi huwa nakubali. Nasema kweli kabisa utapata CV mia nane. Halafu nauliza nani atazisoma. Kimya kidogo. Halafu nauliza nafasi iko wazi tangu lini na kazi zake anafanya nani sasa hivi. Kama ni ya mhasibu nauliza ritani ya VAT tarehe 20 nani anaipeleka, PAYE tarehe 7 nani anaipeleka, wakaguzi wanakuja lini. Siulizi kwa kejeli, nauliza maana sijui kweli, na nikishapata jibu na mimi najua kama hii nafasi inauma au haiumi. Kama haiumi, mteja akaniambia "aah tunagawana tu kazi tuko sawa", basi sisumbuki, namwachia namba naondoka, huyo hata nikimpa bure atanizungusha miezi minne. Kama inauma, ada tunaanza kuizungumza tukiwa na hicho kidonda mezani.

Na mtu wa LinkedIn ndiyo unamwona, ila je anakujibu? Na akikujibu atakwambia ukweli kuhusu Saccos?

HR Mstaafu Mtarajiwa

Marahaba. Hapo kwenye kusoma CV umenipata 😅 ila asilimia 12 bado hapana. Sisi tunalipa mshahara wa mwezi mmoja, anayetaka anataka.

Mzee wa Invoisi

Mwezi mmoja ni asilimia 8.33 ya mwaka. Kwa mtu wa milioni 3, yangu ni 4,320,000, yako 3,000,000. Tofauti 1,320,000. Sasa vijana wasikilize hapa.

Mwenye duka Kariakoo ukimwambia punguza, hakupunguzii hivi hivi. Anakwambia "unachukua ngapi?" Maneno mawili tu hayo. Chukua pisi moja bei ni ile ile, chukua dazeni tunaongea. Hashushi bei bila wewe kuongeza kitu. Rekruta wetu mteja akisema punguza anajibu "basi tufanye asilimia 10" papo hapo, kabla hata mteja hajamaliza kumeza mate. Ameshamfundisha mteja kwamba ile 12 ilikuwa ya uongo, na mteja mwenye akili atasema tena, 8.

Mimi ningekwambia dada: naweza kuja kwenye 10, unanipa nafasi hii peke yangu wiki nne bila wakala mwingine, na unanilipa ndani ya siku 14 mtu akiripoti. Ukitaka mwezi mmoja kabisa inawezekana pia, ila nipe nafasi tatu kwa pamoja na dhamana yangu ya kukubadilishia mtu inakuwa mwezi mmoja badala ya mitatu. Chagua. Huwa nashangaa wateja wengi wakipewa kuchagua wanarudi kwenye ile ya juu kwa sababu wanataka dhamana ya miezi mitatu.

Na jamani VAT! Mteja akisema "tumalizie milioni tatu na nusu kila kitu humo ndani", usipige makofi. Ukitoa asilimia 18 inabaki kama 2,966,000, kodi ya zuio asilimia 5 nayo imekatwa juu ya hapo, unabaki na kama milioni 2.8. Siku hizi mkataba wangu umeandikwa kwa herufi kubwa VAT HAIMO. Niliwahi kufunga dili kwa furaha, nikaja kuambiwa na mhasibu wetu kwamba nimefanya kazi ya hisani.

Wa Kilimani

Mambo ya huku Nairobi ni hayo hayo tu bana. Client anataka candidate wa pesa mingi kwa bei ya mitumba. Na hiyo hesabu ya net umeifanya poa sana, huku watu waliacha kuangalia gross kitambo, tangu housing levy ya 1.5% (makato ya nyumba) na SHIF 2.75% (bima ya afya) zikuje kila mtu anakuuliza "inafika kwa account ngapi". Mimi siku hizi natumia mtu hesabu kwa WhatsApp kabla ya intavyu.

Lakini mzee kuna kitu hujataja. Counter offer. Huku ndiyo inatuua. Mtu anaenda kuresign, bosi anamwongeza elfu thelathini, anarudi kukwambia "imagine wameniappreciate".

Mzee wa Invoisi

Karibu jirani. Naam, ya kuongezewa mshahara siku ya kuacha kazi. Huku pia, na mwezi wa kumi na mbili ndiyo balaa.

Hiyo nayo unaiua siku ya kwanza, siku ya barua umeshachelewa. Simu ya kwanza mtu akishanieleza anataka kuhama, namuuliza sababu, atasema pesa. Wote wanasema pesa. Nauliza: ulishaomba kuongezwa? Akisema hajawahi kuomba, namwambia kaombe kwanza kwa bosi wako, ukikosa nirudie. Ndiyo, namrudisha kwao! Dogo wa ofisini alidhani nimechanganyikiwa. Lakini fikiria, mtu ambaye hajawahi kuomba, siku akiomba kwa barua ya kuacha kazi atapewa, na mimi nimefanya kazi miezi miwili kumtafutia huyo bosi sababu ya kumwongeza.

Akisema aliomba akanyimwa, au aliahidiwa toka mwaka juzi, huyo ni mtu. Namwandikia maneno yake kama alivyoyasema, "bosi aliniambia subiri bajeti mpaka leo". Siku akija kuniambia wameniongeza, sibishani naye. Namsomea tu maneno yake mwenyewe halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko zote kwenye hii fani, ukiweza kukaa sekunde kumi bila kuongea kwenye simu umeshaiva.

Halafu namfanyisha mazoezi ya kile kikao. Bosi atasema nini? Atakaa? Atakasirika? Atamwita mkurugenzi? Utajibuje? Wengi hawajawahi kuacha kazi kwa barua wanaogopa kama wanakwenda mahakamani. Notisi nayo, kisheria anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 zisizopungua, lakini mikataba ya mameneja mingine ni miezi mitatu, soma mkataba wake mapema usije ukamwahidi mteja tarehe mosi. Na kwenye hizo siku za notisi usipotee! Rekruta akishasaini mtu anamwacha anakimbilia dili nyingine, mtu anakaa siku 28 katikati ya watu wanaomwambia usiondoke. Mimi napiga simu kila wiki, na naomba bosi mpya amwalike chai mara moja. Chai ya elfu nane inalinda ada ya milioni nne.

mlevi_wa_chai

Swali la nje ya mada kidogo, mbona mawakala wengine wanadai hela kwa waombaji? Dada yangu alitozwa elfu hamsini "ya kufungua faili" na mwingine laki 4 akaambiwa ni ya kazi Oman.

Mzee wa Invoisi

Pole yake. Anayemlipa wakala ni mwajiri, kwa mwombaji hatuchukui kitu. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 181 wa 1997, kifungu cha 7, umesema wazi wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzungukazunguka. Hapa kwetu wakala anatakiwa awe na leseni, kwa hiyo mtu akikutoza ya faili, muulize leseni, mara nyingi utaona anabadilisha mada. Za Oman na Ghuba ni uzi wake kabisa huo, nisiuchanganye hapa.

kaka_mkaguzi

Mkuu kuna ile ya wateja wanaosema "tutumie CV kwanza tuzione halafu tutaongea mkataba". Nilituma tatu, wiki mbili baadaye nikamwona mmoja ameandika LinkedIn "nafurahi kuanza safari mpya" 💀 kampuni ile ile. Nikapiga simu HR anasema huyo alituma mwenyewe.

Mzee wa Invoisi

Kila mtu humu ana hadithi hiyo, karibu kwenye chama. Siku hizi nina jibu moja fupi, nawaambia siwezi, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inanitaka nipate ridhaa ya mtu kabla sijasambaza mambo yake, na yeye ameridhia nipeleke kwa mteja niliyesaini naye tu. Ni kweli na inamaliza mjadala, hakuna HR anayetaka kubishana na hiyo. Badala ya CV nawatumia nusu ukurasa, bila jina, bila kampuni aliyopo, nimeeleza amefanya nini na anataka nini. Kama wako siriasi watasaini kwa hiyo. Nimepoteza wateja kwa msimamo huu? Wawili watatu, na wote watatu ni wa aina ile ile ya LinkedIn.

Nyota ya Jaha

Mi naomba kupinga kidogo. Hizi mbinu za kumsomea mtu maneno yake, kunyamaza, si ndiyo kumbana mtu mpaka akubali? Kuna mtu nilimfunga hivyo mwaka jana, kaenda, miezi miwili kaacha, dhamana ikanila, nikatafuta mtu mwingine bure.

Mzee wa Invoisi

Hapana haupingi, unasema ukweli. Nami nimewahi kumbana mtu akaenda mahali ambapo nilijua moyoni hapamfai, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi na tageti ilikuwa bado. Aliacha wiki ya tano. Nilifanya kazi ile ile mara mbili kwa ada moja, na yeye alikuwa ameshaacha kazi yake ya zamani akakaa bila kazi mpaka Agosti. Tukikutana Mlimani City ananisalimia vizuri tu, inauma zaidi.

Sasa hivi kabla ya ofa namuuliza mtu namba moja tu: kutoka moja mpaka kumi ungesaini leo? Akisema saba, siulizi kwa nini sio kumi. Nauliza zile tatu ziko wapi. Atasema labda bosi mpya alichelewa intavyu nusu saa na hakuomba radhi, au ofisi haina maegesho, au amesikia mishahara inachelewa. La mishahara kuchelewa nalifuatilia mwenyewe, nampigia mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Nikikuta ni kweli namwambia. Ndiyo, dili inakufa. Yule mtu nilimwambia ukweli mwaka 2021, leo ni mkuu wa fedha sehemu na amenipa nafasi sita.

HR Mstaafu Mtarajiwa

Hiyo ya moja mpaka kumi nimeiiba, kesho nina ofa ya mtu wa ghala. Na ile ada yako... nitumie mkataba inboksi tuone. Asilimia 10 na wiki nne. Usinitumie ya 12.

Mzee wa Invoisi

VAT haimo dada 😂

Wa Kilimani

Wueh, umeona mtu akifungwa live.

Binti wa Chang'ombe

Wakuu nimerudi. Nimempigia yule wa Morogoro kama mlivyosema. Nimeulizia makato ya salari slipu kwa ile sauti ya daladala. Anadaiwa Saccos milioni 6 na amedhamini watu wawili! Hakuwahi kusema chochote wiki tatu zote. Ofa inatoka Jumatano. Nimempigia mteja, anasema ataongea na mkurugenzi kama wanaweza kumkopesha, jibu kesho. Na jamaa kwenye moja mpaka kumi kasema nane, mbili zote ni hiyo Saccos. Moyo unanidunda ila angalau najua naogopa nini.

Mzee wa Invoisi

Safi sana binti. Waombe hao wawili aliowadhamini watafutiwe mdhamini mwingine mapema, Saccos huwa zinachelewa kukaa kikao.

Na nyumbani? Yule aliyesema ataongea naye ni nani?

Binti wa Chang'ombe

😳 ngoja nimpigie tena